Nilivyoshinda fantasy ya Ligi ya Vigango kule Uru kwa habari za soko za mama yangu

Wakuu, heshima zenu.

Wiki nzima nawaona humu mnalia. Mara kapteni kakaa benchi, mara kipa kafungwa nne, mara mmetumia usajili wote na wachezaji wamepata majeraha. Nikaona leo nitoe la kwangu. Sitii chumvi, yamenikuta mimi mwenyewe, na mashahidi wapo hai. Wengine wamo humu humu wamejificha nyuma ya majina ya ajabu ajabu.

Mimi nilicheza fantasy kabla simu za mkononi hazijapanda mlimani kwetu.

Kwetu ni Uru, juu ya Moshi mjini. Nazungumzia mwishoni mwa miaka ya tisini. Bei ya kahawa ilikuwa imeporomoka, wazee wengine walishaanza kung'oa mibuni wakapanda nyanya, na vijana wa rika langu walikuwa wameshuka kwenda Dar na Arusha kutafuta maisha.

Mimi sikushuka. Ni kitinda mimba, na kwetu mtoto wa kiume wa mwisho ndiye anayebaki na kihamba, lile shamba la nyumbani la migomba na kahawa, pamoja na mama. Baba alikuwa ameshatangulia mbele za haki.

Sasa mwaka ule tulikuwa na msiba mwingine. Ng'ombe wetu wa pekee alikufa kwa ndigana.

Mtu wa bondeni anaweza kucheka nikisema msiba. Kwetu ng'ombe akifa, mbolea imekufa. Mbolea ikifa, migomba inadhoofu, mikungu inakuwa midogo, na mama ndiye aliyekuwa anaibeba mikungu hiyo kwenda kuuza sokoni Moshi. Asubuhi alikuwa anakunywa chai ya rangi huku anaangalia banda tupu, hasemi kitu. Mimi roho ilikuwa inaniuma kwelikweli.

Hapo ndipo akaingia Kaka Sabas.

Kaka Sabas alifanya kazi hotelini Nairobi miaka mingi, akarudi nyumbani kufuga ng'ombe wa maziwa. Huko alikuwa ameona kwenye magazeti ya Kiingereza watu wanachagua wachezaji wa timu mbalimbali, wanawaweka kwenye timu moja ya karatasi, kisha wanapata pointi kulingana na wachezaji wale wanavyocheza kweli uwanjani. Akaja na wazo hilo kwenye Ligi ya Vigango.

Ligi yenyewe ilikuwa ya parokia. Vigango sita, yaani makanisa madogo yaliyo chini ya parokia, kila kimoja na timu yake, mechi Jumapili alasiri, kuanzia wakati wa kuvuna kahawa mpaka siku ya pili ya Krismasi.

Sheria zake zilikuwa chache. Unachagua wachezaji saba, wasizidi wawili kutoka kigango kimoja. Mchezaji akikanyaga uwanja, pointi mbili. Akifunga goli, nne. Kipa asipofungwa, nne. Kapteni wako anahesabiwa mara mbili. Karatasi unampa Sabas baada ya misa ya kwanza, na kila wiki unaruhusiwa kubadilisha wawili.

Zawadi? Ndama jike. Mweusi wa mabaka, kutoka kwa ng'ombe bora wa Sabas mwenyewe.

Wakuu, nilipomwona yule ndama sikulala vizuri siku mbili. Tulijiandikisha watu kumi na wanne.

Mpinzani wangu mkubwa alikuwa Mwalimu Deo, anafundisha hesabu shule ya msingi. Yeye alikuwa na majedwali, anajua nani kafunga mangapi tangu msimu uliopita, nani anapiga penalti. Mimi nikamuiga. Nikajaza wafungaji watupu.

Wiki ya tatu nilikuwa wa kumi na tatu. Wa kumi na nne alikuwa katekista, ambaye alichagua wachezaji kwa kuangalia nani hakosi misa.

Shida haikuwa uwezo wa wachezaji wangu. Shida hawakuwa wanatokea! Mmoja kahawa yao imeiva, na kahawa ikishaiva haijui Jumapili, lazima ichumwe na imenywe siku hiyohiyo. Mwingine kaenda Mwika kwenye kipaimara cha mtoto wa dada yake. Mshambuliaji wangu tegemeo, kapteni kabisa, kapeleka vitunguu Tarakea mpakani na hajarudi. Nilipata pointi sita timu nzima. Sita!

Jioni ile nimekaa jikoni nimenuna. Mama anamenya ndizi za mtori. Akaniuliza nina nini, nikamwambia kwa hasira kwamba kapteni wangu kanitupa.

"Huyo wa vitunguu?" akasema. "Si ungeniuliza nikwambie. Mama yake alisema tangu Alhamisi pale sokoni kwamba kijana hayupo mpaka Jumanne."

Nikageuka nikamwangalia.

Jamani, mama alikuwa anakaa sokoni mara mbili kwa wiki na akina mama wa vigango vyote sita. Wanauza ndizi, magimbi na maparachichi, huku wanazungumza. Nani anaumwa goti, nani kagombana na kocha, nani anaposa wapi, bibi wa nani yuko mahututi. Hajawahi kuangalia mechi hata moja maishani mwake. Hajui kuotea ni nini. Lakini alijua nani atakuwepo Jumapili na nani hatakuwepo, na Mwalimu Deo na majedwali yake yote hakulijua hilo.

Kuanzia hapo nikabadilika. Kila siku ya soko mama akirudi, nampokea mzigo, nampa kigoda, namsomea majina.

"Huyu?"

"Huyo yupo. Kahawa yao walishamaliza."

"Na huyu kipa?"

"Mtoe. Jumapili wanapeleka mahari."

Nikawa nachagua mabeki wa kawaida ambao hakuna mtu anawajua, ila kila wiki wapo uwanjani. Pointi mbili mbili, kimya kimya. Haba na haba hujaza kibaba. Nikapanda mpaka wa tisa, wa tano, wa tatu. Mwanzoni mwa Desemba nilikuwa wa kwanza, Deo ananifuata kwa karibu, na watu wakaanza kunong'ona kwamba nimekwenda kwa mtaalamu.

Mtaalamu wangu alikuwa jikoni anachochea moto.

Basi ikaja mechi ya mwisho, siku ya pili ya Krismasi. Hapa lazima mnielewe vizuri. Desemba watu wote wa Uru walioko mikoani wanarudi nyumbani, na ligi ilikuwa inawaruhusu kucheza siku ile ya mwisho. Kwa hiyo wanashuka nyota kutoka Dar wenye viatu vya ukweli. Kila mtu kwenye fantasy anawakimbilia.

Mimi nilijua mtego uko wapi. Siku hizo kila ukoo unachinja, na kila ukoo una siku yake. Nyama ya ukoo haigawiwi hovyo, kila kiungo kina mwenyewe, na mwenye haki yake lazima awepo aipokee. Kwa hiyo nyota ambaye ukoo wao unachinja siku ya mechi, huyo hesabu hayupo. Nikakaa na mama tukapita koo zote, nani anachinja lini. Nikawakwepa wote wa siku ile.

Kapteni nikamweka Frumensi, mtoto wa marehemu baba yangu mkubwa. Alikuwa anachezea timu ya mtaani Dar, anakimbia huyo! Nikampelekea Sabas karatasi siku ya Krismasi baada ya misa, natabasamu.

Asubuhi ya siku ya mechi nikaamka nakuta mama anasafisha masufuria makubwa.

"Aloisi," akaniambia, "ukamsaidie Babu Melki kumshika mbuzi. Leo ni zamu yetu."

Wakuu! Tulipita koo zote za Uru nzima, tukasahau ukoo wetu wenyewe! Mganga hajigangi. Frumensi ni mzaliwa wa kwanza, ndiye anayepokea fungu la baba yake. Hawezi kuondoka kabla nyama haijagawiwa. Na Babu Melki, mkubwa wa ukoo, alikuwa amesema hakatiwi mtu kipande mpaka shangazi afike kutoka Dar, na basi la shangazi lilikuwa limeharibika njiani.

Saa sita, shangazi hajafika. Saa nane, hajafika. Saa tisa unusu tunasikia filimbi kwa mbali, timu zinapasha misuli. Mechi saa kumi. Frumensi amekaa na jezi ndani ya shati, ananitazama, namtazama.

Nikajikaza, nikaenda mbele ya wazee.

"Shikamoo babu."

"Marahaba."

"Babu, naomba Frumensi aruhusiwe kwenda uwanjani. Kuna mechi ya muhimu sana."

Mzee akaniangalia kuanzia juu mpaka chini, akaniita mbe, yaani bwana kwa Kichaga. "Wewe mbe, tangu lini nyama ya ukoo ikasubiri mpira?"

Wazee wakacheka. Mimi nikabaki nimesimama, machozi yako karibu, mtu mzima mimi. Saa kumi ikapita. Tukasikia kelele za goli, na mtoto mmoja akaja mbio kutuambia kafunga kapteni wa Mwalimu Deo.

Hapo mama akatoka jikoni. Kwa desturi yetu mwanamke haingilii ugawaji wa nyama. Akaja taratibu, akapiga goti.

"Baba, nisamehe. Huyu mtoto hatafuti mpira. Anatafuta ng'ombe."

"Ng'ombe gani?"

"Ndama wa Sabas. Frumensi akikanyaga ule uwanja, ndama anaingia kwenye banda letu. Asipofika, anakwenda kwa mwalimu."

"Yule mweusi wa mabaka?" akauliza Babu Melki.

"Huyohuyo, baba."

Mzee akasimama ghafla, fimbo ikaanguka. "Yesu na Maria! Sasa mbona huyu kijana alikuwa ananieleza habari za mpira? Leteni kisu!"

Akakata fungu la Frumensi palepale, kabla ya mtu mwingine yeyote. Lakini mila ni mila, lazima ale kabla hajaondoka. Akala mbavu, akanyweshwa bakuli la kisusio, ile supu yetu ya damu, na shangazi mdogo, wa hapohapo nyumbani, akamwongezea kata ya mbege, pombe yetu ya ndizi, kwa ajili ya nguvu. Kisha tukateremka mbio, Frumensi mbele, mimi nyuma, na nyuma yangu ukoo mzima wenye vipande vya nyama mkononi.

Tulifika kipindi cha pili kimeshaanza. Sabas yuko pembeni na daftari lake. Nikamuuliza, akaniambia mechi nyingine zote zimeshaisha na Deo amenizidi pointi tatu.

Kocha wetu akamwingiza Frumensi. Akakanyaga uwanja, na hapohapo nikapata mbili mara mbili. Nne. Nikawa mbele kwa pointi moja.

Lakini wakuu, yule aliyeingia hakuwa Frumensi wa Dar. Lilikuwa tumbo linatembea. Anakimbia hatua tano anashika kiuno. Alipata mpira yeye na goli tupu, kipa kalala chini, akaupiga ukapita juu ukaingia kwenye migomba. Babu Melki, ambaye hajui hata goli ni lipi, akapiga makofi.

Dakika za mwisho nilikuwa naomba rozari kimoyomoyo mchezaji yeyote wa Deo asifunge. Mmoja akapiga kichwa, mpira ukagonga mwamba. Nilikaa chini kwenye majani, sikuweza tena kuangalia. Nilijua kwamba imekwisha pale mama aliponishika bega.

Deo alibisha kidogo, eti aliyeingia kipindi cha pili asihesabiwe. Sabas akamsomea sheria: aliyekanyaga uwanja. Deo ni muungwana, akanipa mkono. Ndama tulimpandisha nyumbani jioni ileile, ukoo mzima unaimba, na shangazi wa Dar tulimkuta amekaa peke yake uani, amezungukwa na nyama, anauliza watu wote wamekwenda wapi.

Yule ndama alikua, akazaa, na migomba ya mama ikarudi kuwa migomba. Nyumba ninayokaa leo msingi wake ulianzia kwenye lile banda.

Funzo langu ni fupi. Acheni kukimbilia majina. Kabla hujauliza mchezaji anafunga mangapi, uliza kama atakuwepo. Mtafute anayejua maisha ya wachezaji nje ya uwanja, hata kama mtu huyo hajui mpira. Na ukishawachunguza wa wenzako wote, chunguza na wa nyumbani kwako.

Msimu uliofuata mama alimwendea Sabas akaomba karatasi yake mwenyewe. Watu kumi na tano tukashindana. Mimi nilimaliza wa sita. Mama alikuwa wa kwanza, na hakuna aliyemkaribia.

Nilimlalamikia kwamba msimu ule mzima nilimsomea majina na kila niliyemtaja aliniambia yupo, hata wasiotokea.

Akacheka mpaka akashika ukuta. "Mwanangu, mwaka jana tulikuwa tunatafuta ng'ombe. Mwaka huu tunashindana."

Haya wakuu, mimi nimemwaga yangu yote. Aliyewahi kupigwa na mama yake kwenye mchezo wowote aje hapa chini tufarijiane, na watu wa Uru mnaojua zaidi, karibuni mnisahihishe.