Chumvi Katika Kitunga

Wifi yangu Aziza, dada wa mume wangu, alikuwa mkali kama pilipili zake. Usicheke, ni kweli. Nyuma ya nyumba yetu, pale njia inaposhuka mtoni Tshopo, alilima lenga-lenga, matembele na nyanya, na majirani walikula kwa abonema. Mwanzo wa mwezi unampelekea sabuni au samaki, halafu kila Ijumaa kitunga chako kinajazwa mboga mpaka mwezi uishe. Ijumaa tu! Siku nyingine hata ulie, hakupi jani.

Mtaa nao ulikuwa na adabu yake: chombo cha jirani hakirudi kitupu. Ukishatoa mboga, unarudisha kitunga na kitu ndani, hata limau moja, hata chumvi kidogo.

Bon. Mwaka wa sitini na nne Wasimba, wale waasi, wakaingia mjini. Makarani wa serikali walitafutwa nyumba kwa nyumba, na waliochukuliwa hatukuwaona tena. Jirani yetu Michel alikuwa karani. Asubuhi moja tukakuta kufuli kwenye mlango wake. Huyu anasema Michel na mkewe Célestine wamevuka mto, yule anaapa wameuawa kule Simi-Simi. Siku zile ukiuliza watu watatu unapata majibu manne.

Ijumaa ikafika, Aziza akajaza kitunga cha Célestine.

"We Aziza, unampelekea nani? Nyumba imefungwa!"

"Mwezi haujaisha. Sabuni yake nimefulia, sasa nimunyime majani?"

Akakiweka mlangoni pao, chini ya kidirisha. Kesho yake tukakikuta palepale. Mboga hakuna, na ndani kuna chumvi kidogo iliyofungwa kwa jani la ndizi.

Tukatazamana. Mbuzi hali mboga akaacha chumvi. Nikafikiria majini, nikaanza kusoma dua. Aziza akanishika mkono.

"Nyamaza. Wako ndani," akanong'ona. "Walifunga kufuli, wakaingia kwa dirisha. Ee Célestine! Roho iko mukononi na bado unaleta adabu!"

Alikuwa na hasira na hofu kwa pamoja. Na kabla hajaificha ile chumvi, mtu wa barieri, yule Msimba mwenye bunduki aliyezuia njia pale konani, akawa amefika.

"Mama, hii chumvi iko ya nani?"

Aziza hata hakupepesa jicho.

"Iko yangu. Kwetu mutu akipotea, tunamuwekea mboga na chumvi kwa mulango yake mupaka habari yake ifike."

Uongo mtupu! Mila hiyo sijawahi kuisikia. Yule mtu akatazama mtaa wetu uliojaa makufuli.

"Na kwa milango ingine, mbona hamukuweka?"

"Ngoja Ijumaa, utaona."

Na Ijumaa ikawa hivyo. Kila mlango uliofungwa ulikuwa na kitunga chake, mboga na chumvi. Nani aliwaambia majirani? Mimi sikusema, na Aziza aliapa hakusema. Mpaka leo sielewi. Mtu wa barieri akapita katikati ya vitunga akijikuna kichwa, kisha akamwita Aziza pembeni. Nikajua tumekwisha. Kumbe alitaka awekewe kitunga cha ndugu yake, aliyepotea kule Kapalata. Sasa huyo utamchukia vipi? Nilijaribu, nikashindwa.

Mwezi uliisha, na mwingine, na Aziza hakuuliza sabuni. Chumvi ikawa adimu mjini, tukawa tunaweka mboga tu. Ile ya Célestine ilirudi kila wiki, lakini kila mara ilipungua. Halafu Jumamosi moja ya Novemba kitunga kikarudi kitupu.

"Wamekufa," alisema Aziza. "Célestine hawezi kurudisha kitupu. Hizi mboga ameiba mutu mwingine." Akaketi katikati ya lenga-lenga zake akalia, na chakula akakikataa.

Siku chache baadaye ndege zikanguruma, risasi zikalia mji mzima, askari wengine wakaingia, wakawafukuza Wasimba. Ulipotulia kidogo, tukaona mtu anatoka kwenye kidirisha cha Michel, na mwingine nyuma yake. Célestine, amebaki mifupa, akaja moja kwa moja kwa Aziza na kitunga mkononi. Hata salamu hakutoa.

"Yaya Aziza, dada yangu, unisamehe. Nilikirudisha kitupu. Chumvi ilituishia."

"Chumvi!" Aziza akamshika mabega, akamtikisa, machozi yanamtiririka. "Nimekulilia matanga juu ya chumvi!"

Kisha akamnyang'anya kitunga, akaingia bustanini kukijaza. Ilikuwa Jumanne.