Mikono ya Mama kwenye Picha ya Mahafali

Naikumbuka siku ya mahafali yangu, mwanangu, na tangu jana uliponionyesha kwenye simu picha utakazotundika chuoni kwenu Jumamosi, haiondoki kichwani. Nimekasirika, sikufichi. Ila hasira ya kwanza ni juu yangu mimi, yule kijana mwenye joho aliyejiona fundi.

Kila mhitimu wa sanaa alitakiwa kuchora wahusika wa hadithi moja na kuwatundika wageni wawaone. Hadithi yangu ilihusu familia ya wakulima, na mhusika mkuu alikuwa mama. Kuchora mhusika ni kazi, asikudanganye mtu. Akiinama, akigeuka, akicheka, lazima abaki yuleyule. Mikono ndiyo ilinitoa jasho zaidi. Basi badala ya kurudi kijijini kwetu Kiruruma nikae jikoni nimtazame mama yangu akimenya ndizi, nikanakili mikono ya mwanamke wa tangazo la losheni. Vidole laini, kucha zinang'aa. Chini nikaandika kwa majivuno: Mama Yangu. Na alama za juu nikapewa! Walionipa hawakuwahi kumwona mama yangu.

Wewe umekulia kwenye migomba, unajua. Anayemenya ndizi kila siku vidole vyake huwa vyeusi kwa utomvu, na sabuni haiutoi. Mama alifika kwenye mahafali pamoja na dada yake mkubwa. Akasimama mbele ya picha, akasoma maandishi ya chini, herufi moja moja. Kisha akaingiza mikono yake ndani ya kitenge na hakuitoa tena. Wenzangu walikuja, "Shikamoo mama," wamenyoosha mkono, naye anaitikia kwa kichwa tu.

Mama mkubwa hakunivumilia. "Huyu ni mama wa nani?" akaniuliza mbele ya watu. "Ebitoke, ndizi hizi alizomenya ukala ukakua, leo zimekutia aibu? Sema tusikie!"



Wiki ileile nilikwenda nyumbani, nikamwomba mama anikalie nimchore upya. Akasema, "Ngoja mwanangu, nikanawe kwanza." Alisugua kwa limao, akasugua kwa majivu, wapi! Akarudi akakaa, mikono chini ya kitenge. Nilimsihi, akatabasamu tu. Mpaka tunamzika hakuniruhusu niichore. Picha niliyomchora siku ile ninayo, na ndani yake mama yangu hana mikono.

Halafu wewe unaniletea bibi kizee wa kule Bugomora, muuguzi na mwendesha bodaboda, wote pua moja, wote ngozi kama ya mwanasesere! Umewatoa wapi watu hao? Mama yako naye umemchora, na lile kovu la panga kwenye kidole gumba umelifuta. Nani alikutuma ulifute? Ataona Jumamosi kuwa halipo. Atajua.

Sikiliza. Zima simu, chukua daftari, ukae karibu na watu mpaka wakuzoee. Chora kovu, chora utomvu, chora mgongo uliopindwa na jembe. Usimrekebishe mtu ambaye hajakuomba. Ukikosea mkono, futa uchore tena hata mara mia, lakini uwe mkono wa mwenyewe. Siku bado unazo.

Nenda, Mungu aibariki kalamu yako. Na mama yako akisimama mbele ya picha yake Jumamosi, amjalie aunyooshe mkono wake aonyeshe watu: huu hapa, ni wangu.