Breki Zilizoganda

Kosa lilikuwa langu, na nilijua hivyo tangu alfajiri, ndiyo maana nilikuwa mkali kuliko siku zote. Masika yalipoanza nililiegesha lori la tajiri wangu pale Ibadakuli, karibu na nyumba yangu, nikavuta breki ya mkono mpaka mwisho kama nilivyofundishwa, nikaliacha. Dereva mwenye akili angeiachia breki na kuweka mawe kwenye magurudumu. Mimi nilitaka kuonekana dereva wa kweli. Miezi mitatu ya maji na tope, kutu ikashika, magurudumu ya nyuma yakagoma kuzunguka. Tulilisukuma wanaume wanane; likaburuzika kidogo tu, likachora mifereji ardhini.

Safari yenyewe ilikuwa ya kupeleka mtama Geita. Miaka ile dhahabu ilikuwa imeanza kuvuta watu huko, na kaka wa mama mkwe wangu alikuwa mmoja wao, pamoja na ndugu zao wengine. Jumapili mchimbaji mwenzake alifika kwa baiskeli, akaniita pembeni.

"Yule mzee tumemzika Ijumaa," aliniambia. "Lakini nyumbani sema anaumwa."

Ndivyo tunavyofanya kwetu. Mfiwa haambiwi akiwa mbali. Huambiwa hali ya mgonjwa si nzuri, huitwa, na kilio akakikuta kwa ndugu zake, penye watu wa kumshika. Nikasema anaumwa. Hata mke wangu sikumwambia, maana machozi yake yako karibu.

Basi Jumatatu kabla ya jua kuchomoza mama mkwe alikuwa ameshaketi barazani, furushi lake mapajani, akingoja nimpeleke. Mkwe hatazamwi usoni wala hasemeshwi. Kwa miaka minne ya ndoa sikuwahi kumwambia neno moja ana kwa ana. Maneno yake yalinifikia kwa mdomo wa mke wangu, aliyemwita mayu, yaani mama, ingawa alikuwa hatua kumi tu na nilikuwa nayasikia yote.

"Mwulize mwenzio, bado?"

"Mayu anauliza, bado?"

"Mwambie bado."

Nilikuwa nimetoa gurudumu la kushoto. Ngoma ya breki, lile bakuli la chuma linalofunika breki, ilikuwa imeng'ang'ania. Fundi aliyenifundisha alikuwa akimimina mafuta ya taa ukingoni, anagonga taratibu kuizunguka, kisha anakwenda zake kunywa chai. Mimi nilimimina na kupiga hapohapo. Nikapiga tena. Nyundo ikateleza, ikanichuna vidole, na hata kutukana sikuweza, kwa sababu mkwe alikuwa anasikia. Tusi likabaki kifuani linachemka.

"Mwambie kaka yangu hana siku nyingi," alisema mama mkwe.

Mke wangu akaniambia. Nikapiga.

"Mwambie nilipougua surua yeye ndiye aliyenibeba mgongoni mpaka kwa mganga."

Hilo mke wangu hakulirudia. Nilizidisha nyundo ili nisisikie. Hapakuwa na mtu wa kuwahiwa Geita; nilitaka tu nimfikishe kwa ndugu zake kabla mdomo wangu haujaniponyoka. Kila alipomtaja kaka yake kama mtu aliye hai, nilitafuta pa kwenda. Nilienda nikachungulia gurudumu la kulia, nikarudi la kushoto, nikaokota spana nisiyoihitaji, nikaitupa.

Saa sita jua likiwa utosini, mama mkwe alisimama na furushi lake.

"Mwambie kama hawezi, nakwenda kwa miguu. Kaka yangu ananisubiri mimi tu."

"Anasubiri nini?" nilifoka, nikageuka nikamtazama usoni. "Ameshazikwa tangu Ijumaa!"

Mke wangu aliangusha kibuyu cha maji. Mama mkwe hakulia. Alinitazama, nami nikaendelea kumtazama, maana nilikuwa nimeshavunja yote na sikujua tena macho niyapeleke wapi.

"Ijumaa," alisema. Alikuwa anasema na mimi, si na binti yake.

"Ndiyo, mayu."

"Na asubuhi yote hii wewe ulikuwa unajua."

"Nilijua."

Aliketi palepale mavumbini, akaanza kulia, na mke wangu akamkumbatia, wakalia wote wawili. Nilitupa nyundo. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tena maishani. Nikaishika ile ngoma kwa mikono miwili ili tu nishike kitu, na ikatoka, laini, bila kupigwa, kutu ikamwagika miguuni pangu. Mafuta ya taa yalikuwa yameshapenya bila mimi kujua.

Nikahamia gurudumu la pili. Nilimimina mafuta, nikagonga taratibu kuzunguka, nikangoja. Lilipofunguka nikasugua kutu, nikasugua hata pasipo na kutu, mpaka jua likashuka. Mfiwa hupewa mkono wa pole, na mkwe hashikwi mkono. Sikujua nikishasimama nitampa nini.