Njia ya Kilwa, na msiba niliopewa nikiwa nyuma ya usukani

Wakuu, jambo yenu. Nawaandikia kutoka Lubumbashi. Humu mimi ni msomaji wa kimya wa muda mrefu, sikuwahi kufungua uzi. Leo nimeamua. Ninayoyaeleza yalinikuta mimi mwenyewe na sijatia chumvi, majina tu ndiyo nimebadilisha.

Kiswahili changu ni cha Katanga, kina Kifaransa ndani yake. Mtanivumilia.

Mimi na Mwape tulisoma wote unif, yaani chuo kikuu, hapa mjini. Faculté moja, chumba kimoja cha kupanga Kamalondo, nyuma ya fundi cherehani ambaye mashine yake ndiyo ilikuwa inatuamsha.

Mwape kwao ni Kilwa. Wenzangu wa Tanzania msichanganye, siyo Kilwa yenu ya kusini. Hii ni Kilwa ya ziwa Mweru, mji wa samaki, na barabara ya kufika huko, jamani, Mungu ndiye anajua.

Sasa kuna jambo lazima mlielewe kwanza, maana bila hilo uzi wote hauna maana.

Huku ukoo tunaufuata kwa mama. Mimi ni wa ukoo wa Mbuzi, Mwape ni wa ukoo wa Chui, na koo hizi mbili ni banungwe. Ninyi mnaita watani; mmoja ni munungwe. Chui akinikuta nakula anaweza kuchukua sahani yangu na sina ruhusa ya kununa. Mimi naweza kumtukana mbele ya mama yake mzazi na mama akacheka mpaka machozi.

Na Chui akifa, Mbuzi ndiye anapeleka habari, anachimba kaburi, anawachekesha wafiwa. Chui naye anamfanyia Mbuzi hivyohivyo.

Hiyo ya mwisho nilikuwa naisikia tu kwa wakubwa. Mimi mtoto wa mjini bwana, kwangu utani ulikuwa kumwambia Mwape ana kichwa kama sufuria ya bukari, ule ugali wetu. Basi.

Tulipopata diplôme, Mwape akasema twende kwao. Baba yake, papa kama tunavyosema huku, alikuwa mgonjwa wa kifua siku nyingi, hatoki nyumbani. Mama yake ndiye aliyemsomesha, anakausha samaki anawatuma Lubumbashi na malori. Hakuweza kumwacha mume aje kwenye sherehe. Alikuwa na ombi moja tu: Mwape avae toga yake, lile joho la mahafali, siku ya Jumapili kanisani Kilwa, wale mama wa sokoni wote wamwone.

Kaka yangu akatuazima jeep yake. Mpango ulikuwa Kilwa, halafu Pweto, halafu kurudi polepole tukila samaki njia nzima. Tujipe raha kidogo kabla ya kuanza kuzunguka na CV.

Tukatoka asubuhi, Mwape akishika usukani. Njia nzima matusi matupu.

"Wee Mbuzi, funga dirisha. Ukiona majani utaruka."

"Endesha bwana. Chui muzima unaogopa mabuba ya mai?" Mabuba ya mai ni madimbwi, wakuu. Ilikuwa masika na yalikuwa makubwa kweli.

Tukafika Kasomeno, pale njia inapogawanyika, moja ya Kasenga na nyingine ya Kilwa. Mwape akashuka kutafuta chakula. Hapo simu yangu ikalia.

Alikuwa mjomba wake Mwape, mdogo wa mama yake. Mzee huyu siku zote akinipigia anaanza kwa kuniuliza nimenona kiasi gani. Safari hii hakuniuliza.

"Guylain, uko na Mwape pembeni?"

Nikasema hapana, yuko mbali.

"Mama yake alikufa leo asubuyi. Alianguka tu ku soko. Sikia muzuri. Hapana kumuambia mu njia, atakufa naye mu gari. Weye njo munungwe, ni weye utamuambia, lakini mukiisha kufika karibu na Kilwa. Tutatuma bantu ya kumupokea. Na mufanye mbio. Joto ni mingi na huku hakuna frigo. Tunamungojea mpaka kesho asubuyi, kupita pale hapana."

Akakata.

Yule mama nilikuwa namwita "bibi yangu mzee", yeye ananiita "nyama". Kila lori lililokuja na samaki wa Mwape lilikuwa na fungu langu. Na sasa mtoto wake alikuwa anakuja kwangu anacheka, ameshika sahani mbili.

Nilikula, sijui niliingizaje. Nikampa Mwape kichwa cha samaki, anakipenda. Yeye akaanza kusema tulale Kasomeno, tuone Kasenga kesho, haraka ya nini.

Nikamwambia, "Ndugu yangu, tafadhali, tuendelee. Nipe funguo, nitaendesha mimi, wewe pumzika."

Akanitazama. Akanipa funguo.

Tuliendesha. Alizima muziki. Baada ya muda mrefu akaniuliza, "Mama yako iko muzima?" Nikajibu ndiyo. Akauliza juu ya kaka, juu ya dada zangu, nikajibu wote wazima. Akageukia dirisha na hakuongea tena. Nikafikiri amenuna kwa sababu nimekataa tulale. Nikashukuru hata, maana nilikuwa naogopa akinitazama usoni atasoma.

Mbele tukakuta lori limezama kwenye tope, limeziba njia yote. Malori mengine nyuma yake, madereva wamelala chini ya matela. Tukauliza. Wakatuambia tusahau, labda kesho kutwa.

Motos tu, yaani pikipiki, ndizo zilikuwa zinapita pembeni, kwenye majani. Ilibidi tuache jeep kwa mama mmoja mwenye kibanda pale na tupande motos. Lakini utamwambiaje mtu aache gari na mizigo porini kwa ajili ya kwenda kutalii? Kilwa bado ilikuwa mbali. Nikaona nimefika mwisho.

"Mwape, ndugu yangu, nakuomba..."

"Guylain, sema tu. Ni papa, eh?"

Nikageukia malori.

"Ni papa?"

"Hapana. Ni mama."

Alikaa chini. Kwenye tope lenyewe, na suruali yake mpya.

Halafu akasema, taratibu kabisa, na maneno haya nayasikia mpaka leo:

"Toka Kasomeno haunitukane hata mara moja. Unaniita ndugu. Unanipa kichwa ya samaki. Nikajua kuko mutu alikufa ku nyumba. Nikasema ni papa, juu papa njo mugonjwa. Nilisha kumulilia papa mu roho, Guylain. Nilisha kumuzika. Nilianza hata kupanga namna mama atakuja kukaa na miye Lubumbashi."

Wakuu, nililia mimi. Yeye hapana.

Mimi nilidhani namlinda. Kumbe kwa saa zote zile nilimwacha peke yake, pembeni yangu, anachagua nani wa kufa. Na alipomaliza kuchagua na kukubali, mimi nikamwambia amekosea.

Toga aliiacha kwenye jeep. Sikumuuliza.

Tulifika Kilwa jua likiwa linazama, matope mpaka masikioni. Walikuwa wamemngojea. Mwape akaingia kwa mama yake, akakaa pale, macho makavu. Watu wakaanza kunong'ona kwamba mtoto huyu si mzima.

Asubuhi, tukiwa kaburini, mimi bado nalia. Mjomba akanivuta shati.

"Munungwe analia? Weye unalia, sasa nani atatusaidia? Fanya kazi yako!"

Nilisimama kwenye udongo uliochimbwa. Nikapaza sauti: "Huyu Chui mnayemlilia ni mwizi! Samaki wakubwa aliweka juu ya kapu, wadogo chini! Funikeni kaburi vizuri, akikutana na Petro mlangoni atamuuzia fretin aseme ni mbuku!" Fretin ni vidagaa, wakuu, mbuku ni samaki mkubwa.

Wale mama wa sokoni wakaangua kicheko. Mmoja akapiga kelele, "Ni kweli, hata miye alinifanya!"

Nikamwona Mwape midomo inacheza. Akacheka. Akacheka sana, akashika tumbo, na kicheko kikageuka kilio, akalia kwa sauti kama mtoto mdogo, mpaka baba yake mgonjwa akaja akamshika. Mjomba akanitazama, akaitikia kwa kichwa.

Nilichojifunza? Ukipewa msiba wa mtu umbebee, ujue uso wako unaongea kabla yako. Kama ni lazima ufiche, basi mtendee kama ulivyomtendea jana. Kama huwezi, na mimi sikuweza, simamisha gari umwambie. Usimwache abahatishe. Wazee wa Kilwa wananiambia hapana, njiani haisemwi, na sababu zao nazielewa. Mimi bado sikubaliani nao.

Mwape alibaki Kilwa na baba yake, anafundisha huko. Tunaongea kila wiki. Siku moja, baada ya kilio, yaani matanga, kuisha, nilimpigia nimechoka, nikasema tu "Bonjour Mwape, habari ya nyumbani?" Nikasikia anavuta pumzi.

Akauliza, "Ni nani?"

Hakuna aliyekufa. Nilikuwa nimesahau tu kumtukana.

Wakuu, kwenu watani wana kazi gani kwenye misiba? Na wewe ungekuwa mimi pale Kasomeno, ungefanyaje? Karibuni, nasoma zote.