Kidole Gumba cha Mama Njoki

Juzi mmoja wenu aliniuliza kwa nini kikongwe akiniomba nimsaidie kuweka alama ya kidole posta mimi hutoroka kama nimeonyeshwa nyoka, nikamjibu ni uzee tu, lakini nilidanganya, ni aibu, na leo nitaisema yote maana walioiona kwa macho wengi wameshazikwa.

Nilikuwa karani wa koti ndogo, yaani mahakama, ya Waafrika nje ya Nakuru, miaka ile ya Emajensi, hali ya hatari ya wakoloni, kijana wa kaptura iliyotiwa wanga mpaka inasimama yenyewe (na kalamu mbili mfukoni, moja haiandiki). Kazi yangu ilikuwa pesa za matunzo: koti ikishaamua fulani ndiye baba, analeta shilingi zake kila mwezi, mimi nazifunga kwenye bahasha, na mama akija kuchukua anabonyeza kidole gumba cha kushoto kitabuni. Lakini Mama Njoki alikuwa kwenye shamba la mkonge upande wa Mogotio, na siku hizo Mkikuyu hakutoka shambani bila barua ya mzungu wake, kwa hivyo tangu kesi yake iishe hakuwahi kuja, na bahasha zake nne zilikaa tu kwenye sanduku langu. Baba wa mtoto alilipa, hilo nalisema wazi, mwenye makosa hapa si yeye.

Basi tukaambiwa Bwana DO, mzungu wa wilaya, anakuja Ijumaa kukagua kama pesa za watoto zinawafikia watoto. Alhamisi jioni nikatazama zile nafasi nne tupu kitabuni, nikaona zitaniharibia jina, nikajiambia, si pesa zipo, si nitampa akija? Nikachovya kidole changu kwenye wino nikabonyeza mara nne (nikipiga mluzi, Mungu anisamehe).

Ijumaa asubuhi nani anatokea? Mama Njoki mwenyewe, ameshuka kwenye lori la mkonge, mkono mmoja ndani ya shuka.

"Karani, barua nimepewa ya leo tu. Njoki anaumwa kifua, anapumua vibaya, na dereva hawezi kubeba mgonjwa bure. Nipe pesa zake, lori linarudi saa nne, nikamchukue nimlete hospitali."

Bahasha zilikuwa hatua tatu kutoka niliposimama. Lakini nikawaza, nikimpa mbele ya watu, na kitabu kinasema alishachukua, si nitaulizwa? Nikamwambia, "Mama, ngoja kule nyuma ya jiko la askari mpaka mzungu aende. Usijionyeshe."

"Ataenda saa ngapi?"

"Sasa hivi tu."

Saa nne lori likaondoka. DO alifika saa sita, akanywa chai, akapekua kitabu ukurasa kwa ukurasa, akanisifu mbele ya wazee wa koti, nami nikavimba kichwa. Saa nane akauliza choo kiko wapi. Choo chetu kilikuwa nyuma ya jiko la askari (hilo sikulifikiria, mimi msomi). Akarudi barazani na Mama Njoki nyuma yake.

"Karani, hii mama nasema yeye hapana pata kitu. Kitabu nasema yeye napata mara nne."

Na mimi, badala ya kufunga mdomo, nikasimama wima nikasema kwa sauti kubwa, "Bwana, wanawake husahau. Kidole chake hiki hapa."

Mama Njoki alisogea mezani. Alitoa mkono wa kushoto ndani ya shuka akauweka juu ya kitabu, na kidole gumba hakikuwepo. Mashine ya mkonge ilikichukua kabla hata Njoki hajazaliwa. Siku ya kesi pia aliuficha mkono ule, lakini mimi sikuwa mtu wa kutazama watu, nilitazama karatasi.

Mmoja akaanza kucheka, kisha baraza yote. DO akashika mkono wangu akaugeuza, na wino bado umo kwenye kucha. Wakazidi kucheka. Mama Njoki peke yake hakucheka.

"Mimi sikuja kwa maneno ya kidole," alisema. "Mtoto anaumwa."

DO alimpa bahasha zake na kumrudisha kwa Landrova yake. Walifika jioni, wakakuta Njoki ameshafariki, tangu saa tisa.

Nilifutwa kazi, nikapewa wiki moja ya kukabidhi vitabu, na siku ya mwisho Mama Njoki alikuja na zile bahasha nne, hajazifungua. "Mrudishie baba yake. Na uandike asilete tena." Kufunga faili kulihitaji alama ya mama. Nilimshikia kibweta cha wino, akabonyeza kidole gumba cha kulia, polepole.

"Kitazame vizuri," akaniambia. "Changu ni hiki."

Sijabonyeza tena kidole mahali pa mtu mwingine, na sitabonyeza. Na hata hapa dukani kwangu simwambii mtu angoje kabla sijamuuliza kama kuna mgonjwa nyumbani.