Kipande cha Msasa

Kaka yangu ni mchora mabango. Kwa miaka ishirini na mbili mimi ndiye ninayemshikia ngazi, kwa sababu yeye anaweza kuongea na wenye maduka na mimi siwezi; mgeni akiniuliza jambo nabaki kumeza mate. Watu wanamwita Mkato. Jina hilo hakupewa na baba. Alipewa na mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mzee tunayemwita Misumari.

Wakati huo kaka alikuwa ametoka kuoa. Misumari alimpa ukuta wa mbele wa duka aandike bei kumi na mbili. Kumi na moja zilikaa sawa. Ya mwisho, ya ndoo ya rangi, ilikuwa elfu kumi na mbili na mia tano. Kaka alikuwa amechoka, na shule yetu sote iliishia darasa la saba. Akaandika 1,25,00.

Misumari hakumwita pembeni. Aliwatoa wateja nje, akawapanga kando ya barabara kama watu wa kupigwa picha.

"Soma hiyo, profesa," akasema. "Soma kwa sauti."

Kaka akaitazama ile bei. Namba kama ile nani angeisoma?

"Ndoo moja, mikato miwili! Mmoja wako, mwingine wa mkeo?"

Watu wakacheka mpaka wakashikana mabega. Shemeji yangu alikuwa amesimama palepale, ameleta chakula cha mchana. Kisha Misumari akamtupia kaka kipande cha msasa, akamwamuru asugue bei zote, hata zile zilizo sawa, wala asitegemee kulipwa. Kaka alisugua mpaka vidole vikatoka damu. Ule msasa hakuutupa. Aliuweka chini ya kopo la brashi, na kila asubuhi kabla ya kutoa brashi aliutazama.

Jirani yetu mmoja, mama aliyestaafu kazi ya keshia benki, ndiye aliyemfundisha, kwenye karatasi za mifuko ya saruji.

"Anza kulia, mwanangu. Hesabu tatu tatu, ndipo uweke mkato. Nukta ni ya senti, usiipe kazi nyingine. Alama ya fedha iguse tarakimu ya kwanza. Ukiacha nafasi, mwizi atachomeka moja yake hapo. Na kwenye stakabadhi andika tena kwa maneno, malizia na 'tu', upige mstari."

Kaka alifanya mazoezi mpaka nyumba ikajaa namba. "Hata ukuta wa jikoni una bei," shemeji akalalamika. "Mimi nitauzwa lini?"

Miaka ikapita, na mtaa mzima ukawa unamtaka yeye tu kwa bei za ukutani. Elfu zilikaa chini ya elfu, mia chini ya mia, kama zimepangwa na rula. Ndiyo maana Misumari alipojenga duka jipya, alikuja kwetu mwenyewe.

"Mkato! Siku hizi unajua kuhesabu?"

Akatoa orodha aliyoiandika kwa mkono wake. Saruji 18.50. Bati 32.00. Misumari, kilo, 4.20. Kwenye daftari lake alizoea kuandika hivyo, akimaanisha elfu kumi na nane na mia tano, na wafanyakazi wake walimwelewa. Lakini ukuta husomwa na kila apitaye.

"Mzee, hizi nukta..." kaka akaanza.

"Wewe ndiye wa kunifundisha namba? Nakili nilivyoandika. Usiongeze, usipunguze."

"Hata alama moja?"

"Hata moja!"

Kaka akamwomba ayaandike maneno hayo chini ya orodha na atie sahihi. Akatia, huku anacheka. Ningeweza kusema neno hapo. Sikusema, na safari hii haikuwa aibu. Sikutaka.

Kaka hajawahi kuandika vizuri kama siku ile. Sh18.50. Sh32.00. Sh4.20. Nyeusi juu ya nyeupe, zinasomeka kutoka ng'ambo ya barabara.

Jumatatu asubuhi mwashi mmoja akaingia na mkokoteni. "Mifuko kumi, mzee. Mia na themanini na tano hii hapa, hesabu." Nyuma yake wakajipanga wengine, sarafu mkononi. Makelele yakamleta afisa biashara, naye akasema bei iliyo ukutani ndiyo bei: auze hivyo, au afunge mpaka irekebishwe.

Tulipoitwa, tulitembea polepole.

"Umeniangamiza, mshenzi wewe!"

Kaka akamkabidhi ile orodha yenye sahihi yake. "Soma hiyo, mzee. Soma kwa sauti."

Alisoma, mpaka kwenye "usiongeze, usipunguze" na sahihi yake. Mwashi akapiga kelele, "Bwana Nukta!" na barabara yote ikapokea.

Kaka akageuza karatasi, akaandika gharama ya ukuta huu pamoja na ule wa zamani: Sh96,000/=. Chini yake, shilingi elfu tisini na sita tu. Akapiga mstari. Misumari akalipa taslimu.

"Haya, andika!"

"Siandiki juu ya makosa, mzee. Kwanza yafutwe." Kaka akatoa kile kipande cha msasa, kimekauka na kujikunja kama jani.

"Vijana wangu watasugua."

"Mimi nilisugua mwenyewe."

Afisa akatazama saa yake. Misumari akavua koti. Kaka akaketi juu ya kopo la rangi, akakunja nne, na mara moja moja akanyoosha kidole: "Hapo bado, mzee." Nilimwangalia yule mzee akitoka jasho, na sikumwonea huruma hata chembe.

Adhuhuri bei ziliandikwa upya, kila mkato mahali pake. Chini kabisa kaka akatia jina, jambo ambalo hakuwa amewahi kulifanya kwenye ukuta wowote: Mkato.

Njiani nikamuuliza kama sasa roho imetulia.

"Bado," akasema. "Lile duka lina ukuta wa nyuma."

Msasa alikuwa ameurudisha chini ya kopo.