Kondoo wa kitovu alivyonitoa nje kabla ya arobaini

Salaam wakuu, na sisi wakuu wa kike tupo humu, msitusahau.

Haya yalinikuta Garissa miaka ya tisini, na chumvi sijaongeza hata chembe.

Familia ya mume wangu walikuwa watu wa ngamia, kule Hulugho. Ukame ukawamaliza, wakahamia kando ya mto Tana na kondoo wachache na kishamba cha mtama. Ukulima waliujifunza ukubwani.

Nilikuwa nimejifungua Idil, binti yangu wa kwanza. Kwetu mzazi hatoki nje mpaka arobaini iishe. Nililala ndani kwenye moshi wa ubani, nusu macho nusu usingizi, na dunia yangu yote ilikuwa kile kipande cha mlangoni.

Idil alipofungwa kitovu, babu yake alimpa kondoo jike. Ndiyo mila yetu, mnyama huyo na uzao wake wote ni mali ya mtoto. Binti yangu hakuwa na kingine duniani.

Nilimtazama kondoo huyo pale nje, kichwa cheusi mwili mweupe, nikaona kundi zima linamfuata. Ndoto za mzazi hizo, msinicheke.

Mvua ikanyesha baada ya kiangazi kirefu. Visiki vya mtama vikachipua. Wakuu, kijani kile! Mama mkwe alikitazama mpaka akalia. Mtu wa ngamia haulizi kijani kimetoka wapi, akawafungulia kondoo na njaa yao.

Wa Idil tu alibaki kwenye kamba.

Nikiwa nimelala nikaona mmoja anapepesuka, akaanguka. Mwingine akahema mdomo wazi. Hakukuwa na kelele, nikadhani naota. Mama mkwe akashika kisu, bismillah, awahi kuchinja kabla hawajafa.

Ndipo wa Idil akapita mlangoni taratibu, kamba imekatika, anaelekea kwenye mtama.

Niliita, hakuna aliyesikia. Nikamlaza mtoto, nikatoka peku, jua likaniumiza macho. Nikamdaka sikio, jani liko mdomoni tayari, nikalichomoa kwa vidole.

"Habiba! Arobaini!" mama mkwe akapiga kelele.

"Mama, wallahi hiyo majani inaua!" Sijawahi kumjibu hivyo.

Mume wangu akaja na afisa wa mifugo.

"Bwana afisa, kijani ni rehema ya Mungu," mama mkwe akamwambia. "Rehema inaua namna gani?"

"Mama, nashuku haya machipukizi. Mtama ukitoka kwenye ukame, majani machanga huwa na sumu."

Akasema waliobaki wakae kivulini wasikimbizwe, na nyama tuzike. Majani alienda nayo kupima, majibu sijayaona hadi leo. So nasema shaka, sisemi hakika.

Funzo ni kwamba si kila kijani ni malisho, hasa kwa mnyama mwenye njaa. Chungeni na muwaite wataalamu mapema. Wafugaji wa humu, nyie mmepoteza wangapi kwa majani? Semeni.

Ah, arobaini yenyewe. Wanawake walikuja na vigelegele kunitoa. Jirani akauliza mbele ya wote kama ni kweli nilishatoka. Nikainamisha kichwa, aibu imenijaa.

Mama mkwe, aliyeninunia tangu siku ile, akamchukua Idil, akaweka kiganja kidogo cha mtoto juu ya mgongo wa yule kondoo.

"Hakutoka," akasema. "Nilimtuma akaokoe mali ya mjukuu wangu."